Kamba na Kasisi: Historia ya Vyama vya Wapiga Kengele wa Devon

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa sauti nyingi: watu hupiga ngoma, hupiga kinanda, hupiga filimbi, hupiga kengele. Kitenzi hicho chatosha kabisa pale kengele ya parokia inapowaita watu kwenye misa. Hakitoshi tena mara mtu anapotaka kueleza yale yatendekayo katika minara ya makanisa ya Uingereza, hasa katika mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Huko tofauti kati ya kuigonga kengele iliyotulia na kuizungusha kengele nzima ilizua mvutano uliodumu karibu karne moja, makasisi wakiwa upande mmoja na wanavijiji upande mwingine. Ndani ya mvutano huo vilizaliwa vyama viwili, cha kwanza mwaka 1874 na cha pili mwaka 1925. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyama hivyo vilivyotokea, na kwa nini kile cha kwanza, pamoja na sifa zake zote, hakikutosha.

Yafaa kuanza na kifaa chenyewe, kwa maana bila kukielewa mvutano wote utaonekana kuwa upuuzi. Katika makanisa mengi ya dunia kengele hubembea kidogo tu, au hutulia ikagongwa kwa nyundo. Kengele ya mnara wa Kiingereza imefungwa kwenye gogo linalozunguka, na ubavuni mwa gogo hilo lipo gurudumu kubwa la mbao. Kamba huzingira ukingo wa gurudumu, kisha hushuka kupitia tundu la dari hadi chumba cha wapigaji. Kabla ya kazi kuanza, kengele hubembezwa kwa mwendo unaozidi polepole mpaka isimame kichwa chini, mdomo ukitazama mbinguni. Hapo mvutaji akiivuta kamba, kengele huanguka, huzunguka duara zima, hulia mara moja, kisha husimama tena mdomo juu. Akivuta mara ya pili, hurudi ilikotoka. Kila kengele ina kamba yake na mtu wake. Kengele sita, watu sita, wamesimama duara wakitazamana. Nguvu si jambo kubwa. Anayejua kuipima kengele pale inapokaribia kusimama huweza kuliongoza dude la shaba la nusu tani bila kutoka jasho, na asiyejua huweza kurushwa na kamba hadi darini.

Kutokana na ufundi huo hutokea mambo mawili. La kwanza, kengele nzito haiwezi kuharakishwa, hivyo haiwezekani kupiga wimbo, kwa sababu wimbo hudai sauti ileile irudi upesi upesi. La pili, mvutaji aweza kuichelewesha kengele yake kidogo ikiwa juu, au kuiwahisha kidogo, kiasi cha kubadilishana nafasi na jirani yake, si zaidi. Waingereza, kwa kuwa wimbo uliwashinda, waliutafuta utamu katika hesabu. Kengele hulia kwa safu, kuanzia ile nyepesi hadi ile nzito: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha safu hubadilishwa: mbili, moja, nne, tatu, sita, tano, na kuendelea hivyo. Kengele tatu zina safu 6 tu, nne zina 24, tano 120, sita 720, saba 5,040, nane 40,320. Sanaa hii ilikomaa katika karne ya 17, na vitabu vyake viwili vya mwanzo, cha mwaka 1668 na cha mwaka 1677, vinahusishwa na jina la Fabian Stedman. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, zilipigwa safu 5,040 bila kurudia hata moja, na tangu hapo idadi hiyo, ambayo huchukua kama saa tatu, imekuwa kipimo cha mpigaji aliyehitimu. Zile 40,320 zilipigwa na watu wanane wasiopokewa na mtu huko Loughborough mwaka 1963: saa 18 hivi, wamesimama.

Msomaji wa Kisangani asitafute maneno ndani ya safu hizo. Ngoma ya mbao ya Walokele, aliyoieleza John Carrington, mmisionari Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1949, hufuata toni za lugha na hivyo husema jambo. Kengele za Uingereza hazisemi neno lolote. Aliye chini husikia mfuatano tu, na akiwa mzoefu husikia kosa.

Sasa, safu zaweza kubadilishwa kwa njia mbili, na hapa ndipo penye mzizi wa habari. Njia ya kwanza ni ya wito: safu moja hurudiwa mara kadhaa, kiongozi akaita kengele mbili zibadilishane nafasi, na safu mpya ikarudiwa mpaka wito mwingine. Njia ya pili ni ya kanuni: kila mvutaji amehifadhi moyoni njia ya kengele yake kati ya nyingine, na safu hubadilika kila mara bila mtu kusema neno, isipokuwa ishara chache za kiongozi. Njia ya kanuni huitwa na wafuasi wake elimu. Njia ya wito waliiona kuwa ngazi ya kwanza tu, ya wanafunzi. Watu wa Devon, kwa sehemu kubwa, hawakukubali kamwe hukumu hiyo.

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mnara wa kanisa la kijijini ulikuwa kama nyumba ndani ya nyumba. Mara nyingi ulikuwa na mlango wake, na ufunguo ulikaa kwa wapigaji. Walilipwa na wazee wa kanisa kwa sikukuu za taifa, kama tarehe 5 Novemba, na walilipwa na yeyote mwenye fedha kwa harusi, kwa ushindi wa uchaguzi, kwa kurudi kwa bwana mwenye ardhi. Sehemu ya malipo ilikunywewa papo hapo. Mitungi mikubwa ya pombe yenye majina ya wapigaji imehifadhiwa hadi leo mahali kadhaa nchini humo. Siku ya Jumapili wengi wao walipiga kengele, wakashuka, wakaondoka kabla kasisi hajafungua kitabu. Huko Devon kulikuwa pia na mashindano yaliyoandaliwa na wenye vilabu vya pombe, zawadi ikiwa fedha au kofia, na vikundi vilitoka vijiji vya mbali kuja kushindana.

Hayo yote yanajulikana hasa kupitia kalamu za makasisi, na hilo halina budi kukumbukwa. Wapigaji wenyewe waliacha mbao za kumbukumbu kutani, hesabu za malipo, na sheria zilizopakwa rangi chumbani mwao, zikitaja faini kwa mwenye kutukana, kwa mwenye kuingia na kofia kichwani, kwa mwenye kuiangusha kengele ovyo. Mtu anayesoma sheria hizo haoni kundi la walevi wasio na adabu. Anaona watu waliojiwekea adabu yao wenyewe, isiyokuwa ya kasisi. Aliyezoea taarifa za wamisionari juu ya ngoma za vijijini ataitambua mara moja tofauti hiyo.

Kalamu iliyokuwa na nguvu kuliko zote ilikuwa ya Henry Thomas Ellacombe. Alizaliwa Alphington, karibu na Exeter, mwaka 1790, akiwa mtoto wa kasisi. Baada ya kusoma Oxford alijifunza uhandisi katika karakana za meli za Chatham chini ya Marc Brunel, kisha mwaka 1816 akapewa daraja la ukasisi. Mwaka 1817 alihamia Bitton, katika mkoa wa Gloucestershire, na huko akakuta wapigaji wasiomtii. Kasisi wa kawaida angehubiri. Ellacombe, aliyekuwa fundi, alitengeneza mashine. Mwaka 1821 aliweka nyundo ndogo chini ya kila kengele, kengele zikiwa zimetulia midomo chini, na kamba nyembamba za nyundo hizo akazishusha hadi kwenye fremu moja ukutani. Mtu mmoja, akisimama mbele ya fremu, angeweza kuzigonga kengele zote peke yake. Wapigaji sita hawakuhitajika tena. Angetosha mlinzi wa kanisa, au mtoto.

Fremu hiyo ilienea katika minara mingi. Sauti yake ni hafifu, kwa sababu nyundo haiwezi kuitikisa kengele kama ulimi wake unavyoitikisa inapozunguka; na kamba zikikazwa vibaya, kengele haziwezi kuzungushwa bila kuvunja kitu. Lakini ubora wa sauti haukuwa shabaha. Shabaha ilikuwa ufunguo wa mnara. Ni nadra katika historia ya muziki kuona ala iliyobuniwa si kwa ajili ya kuwapa watu kitu cha kupiga bali kwa ajili ya kuwaondoa wapigaji.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumwona Ellacombe kama adui wa kengele. Alizipenda kuliko kasisi yeyote wa zama zake. Mwaka 1850, mwaka aliohamia Clyst St George na hivyo kurudi Devon, alichapisha kitabu chake cha mashauri juu ya minara na wapigaji. Na mwaka 1872, akiwa amepita miaka 80, alitoa kitabu kikubwa juu ya kengele za makanisa ya Devon. Alichokuwa akitaka ni mnara ulio sehemu ya kanisa, na wapigaji walio watumishi wa kanisa. Kufukuza kulikuwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili, iliyokubalika kwa wengi zaidi, ilikuwa kuwaunganisha katika chama.

Vyama vya wapigaji havikuwa jambo geni. Kile cha London kiitwacho College Youths kinahesabu umri wake tangu mwaka 1637. Lakini hivyo vilikuwa vyama vya mji mmoja, hata mnara mmoja, na vilikusanya mafundi waliochaguana. Wazo la chama cha mkoa mzima, chenye kumpokea mpigaji wa kijiji kidogo pamoja na wa kanisa kuu, lilikuwa jipya, na Chama cha Wapiga Kengele wa Devonshire, kilichoundwa mwaka 1874, kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo. Sababu moja ya wakati wake ni ya kawaida mno hata husahaulika: reli. Treni ilifika Exeter mwaka 1844, na katika miaka iliyofuata njia ndogo zilienea mkoani. Bila treni, mpigaji wa kijiji asingeweza kuhudhuria mkutano wa mkoa na kurudi kazini kesho yake.

Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele alikuwapo Charles Arthur Williams Troyte, bwana wa Huntsham, kaskazini mwa Devon. Huyu hakuwa kasisi. Alikuwa mwenye ardhi aliyejifunza kuvuta kamba mwenyewe, akawafundisha watu wa kijiji chake njia ya kanuni, na mwaka 1869 akachapisha kitabu cha kuwafundisha wanaoanza. Kwa mkono wake na wa wenzake, marekebisho ya minara na njia ya kanuni vilifungwa pamoja kama mzigo mmoja. Hoja yao ilikuwa rahisi na, kwa kiasi fulani, ya kweli: mtu anayelazimika kuhifadhi njia ndefu ya kengele yake hawezi kupiga akiwa amelewa, na mtu aliyeonja hesabu hatarudi kushindania kofia. Elimu ingeleta adabu.

Mfano huo uliigwa upesi. Yorkshire ilipata chama chake mwaka 1875, dayosisi ya Norwich mwaka 1877, Essex mwaka 1879, Kent mwaka 1880, dayosisi ya Oxford mwaka 1881. Na mwaka 1891 vyama hivyo vikaunda Baraza Kuu la pamoja kwa juhudi za Sir Arthur Heywood. Makasisi walianza kupanda minarani wakiwa wapigaji, si wakaguzi. Mmoja wao, F. E. Robinson wa Oxford, alitimiza mwaka 1905 mikondo elfu moja ya safu 5,000 na zaidi, jambo ambalo hakuna aliyelitimiza kabla yake. Wanawake waliingia polepole zaidi: Alice White alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga mkondo mzima, mwaka 1896, na chama cha wanawake kiliundwa mwaka 1912.

Kwa hesabu ya viongozi wake, basi, chama cha Devon kilishinda. Pombe ilitoka mnarani na ufunguo ukarudi kwa kasisi. Lakini mzigo ule mmoja ulikuwa, kwa kweli, mizigo miwili, na wanavijiji wa Devon walipokea mmoja wakaukataa mwingine. Walikubali adabu. Hawakukubali kanuni.

Sababu ya kukataa kwao huelezwa mara nyingi kwa ukaidi wa watu wa mashambani. Maelezo hayo hayaridhishi. Anayesikiliza kikundi kizuri cha Devon hugundua kwamba njia ya wito, kwao, haikuwa ngazi ya wanafunzi bali sanaa yenye shabaha tofauti. Katika njia ya kanuni akili hushughulika na swali la wapi pa kwenda. Katika njia ya wito mahali panajulikana, na akili yote hubaki na swali la lini hasa. Safu hurudiwa, na kila kurudiwa ni nafasi ya kuifanya iwe sawasawa zaidi, mpaka milio ya kengele sita ifuatane kama meno ya kitana. Hata kuinua kengele mwanzoni na kuzishusha mwishoni, kazi ambayo mahali pengine hufanywa na kila mtu kwa wakati wake kama maandalizi tu, huko hufanywa na wote kwa pamoja, nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya sanaa. Milio huanza kwa kubanana, huachana kidogo kidogo kengele zinapopanda, na mwishoni hubanana tena hadi ukimya. Tena, sehemu nyingi za Uingereza huacha pumzi ndogo baada ya kila safu mbili. Watu wa Devon hawaachi, safu zao huzunguka kama gurudumu lisilo na alama.

Tofauti hii ya sikio ndiyo iliyozaa chama cha pili. Mwaka 1925 uliundwa Umoja wa Wapiga Kengele wa Devon, kwa ajili ya wale wapigao kwa wito. Yapasa kutazama vizuri kile ulichokifanya. Ulichukua kutoka kwa chama cha kwanza umbo lake: viongozi wa kuchaguliwa, matawi, uhusiano mwema na kanisa. Ulichukua kutoka kwa wazee wa vilabu vya pombe moyo wao: mashindano. Kofia ziliondoka, waamuzi wakabaki. Hao hukaa mahali wasipoweza kuwaona wapigaji, wakasikiliza kuanzia kuinua hadi kushusha, na kuandika kila kosa. Mlio uliochelewa kidogo huhesabiwa kosa dogo, uliogongana na mwingine kosa kubwa. Kikundi chenye makosa machache ndicho mshindi. Hakuna anayepewa alama kwa ugumu wa safu. Jambo ambalo Ellacombe aliliona kuwa chanzo cha uovu, kushindana, liligeuka kuwa shule ya usahihi. Na ni vigumu kutosema kwamba katika hilo wanavijiji walielewa sanaa yao kuliko waliotaka kuiponya.

Vita vya pili vya dunia vilinyamazisha pande zote mbili. Kuanzia Juni 1940 kengele za makanisa zilikatazwa kupigwa, isipokuwa kwa kutangaza kwamba adui ameshuka nchini, na katazo hilo liliondolewa kabisa mwaka 1943 tu, ingawa zilipigwa mwezi Novemba 1942 kwa ushindi wa El Alamein. Mwaka huohuo wa 1942, mwezi Mei, mabomu yaliangamiza kanisa la St Sidwell mjini Exeter. Kanisa la Clyst St George, alilolitumikia Ellacombe hadi kufa kwake mwaka 1885, lilikuwa limekwisha kuungua mwaka 1940; baada ya vita lilijengwa upya. Kengele za kanisa kuu la Exeter zilisalimika. Nzito kuliko zote kati ya zile kumi na mbili ina zaidi ya tani tatu na nusu, na kati ya kengele zinazozungushwa kwa kamba duniani ni ile ya Liverpool tu inayoizidi.

Vyama vyote viwili vipo hadi leo, na uadui wa zamani umepoa sana. Wapo wapigaji walio wanachama wa kote kuwili, wakipiga kwa kanuni siku moja na kwa wito siku nyingine. Devon ina zaidi ya minara 350 yenye kengele za kuzungusha. Taabu yake sasa ni watu. Mwaka 2018, kwa kumbukumbu ya kumalizika kwa vita vya kwanza vya dunia, nchi nzima iliitwa kuandikisha wapigaji wapya 1,400, idadi iliyokadiriwa ya wapigaji waliouawa katika vita hivyo, na wito huo uliitikiwa. Halafu mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga vyumba vya wapigaji, kwa sababu watu sita waliosimama duara katika chumba kidogo ni jambo ambalo kanuni za afya hazikuweza kuliruhusu.

Katika miezi hiyo, penye mnara ambao fremu ya Ellacombe ilikuwa bado ukutani, mtu mmoja aliweza kuingia peke yake, akazigonga kengele zote, akafunga mlango. Wapigaji waliokuwa wameiona fremu hiyo tangu utoto wao kuwa alama ya fedheha ndio waliofuta vumbi lake na kukaza kamba zake. Mwezi Juni 2021, kifaa kilipotimiza miaka 200, kiligongwa kwa sikukuu katika makanisa ya nchi mbalimbali.